Qaf Katika Maneno Mafupi ya Kiingereza



Ndugu msomaji, mwalimu wa chuo humrudisha mwanafunzi katika makhraji ya qaf mara kumi, hata sauti ikamkauka. Si ukali wa bure. Ukisema qalb kwa qaf umetaja moyo. Ukisogeza ulimi mbele kidogo ikawa kaf, umetaja mbwa. Sisi tuliolelewa juu ya jamvi la chuo twaijua taabu hiyo, na ndiyo sababu tulistaajabu kuikuta qaf mahali tusipoitarajia: katika mchezo wa maneno ya Kiingereza unaopendwa na watoto wetu wakati wa likizo.

Mchezo wenyewe ni Scrabble. Uliasisiwa na Mmarekani, Alfred Butts, msanifu wa majengo aliyekosa kazi katika dhiki ya uchumi ya miaka ya 1930. Alihesabu herufi katika kurasa za magazeti apate kujua ipi hutumika sana na ipi ni adimu, kisha akazipa thamani kwa kadiri hiyo. Seti ya Kiingereza ina vibao 100. Cha Q ni kimoja tu, nacho kina alama 10. Vya U ni vinne. Lakini Q ya Kiingereza haitembei bila U. Desturi hiyo ililetwa na Wanormani walioiteka Uingereza mwaka 1066. Kabla yao Waingereza waliliandika neno la malkia kwa C na W. Basi mchezaji aliyepata Q akakosa U ni kama mwenye noti kubwa katika duka lisilo na chenji.

Wachezaji hodari wana dawa yake. Wamehifadhi maneno mafupi yenye Q isiyofuatwa na U. Kijana wetu mmoja alitusomea orodha yake, nasi tukatega sikio. Qi ni neno la Kichina, maana yake pumzi au nguvu ya uhai. Qoph ni jina la herufi ya Kiebrania, ndugu ya qaf yetu. Yaliyofuata tuliyajua kabla hajayafasiri: suq, qat, qadi, waqf, faqir, talaq, qibla, niqab. Yote yametoka katika Kiarabu, na karibu yote yamo vinywani mwetu kila siku, ila sisi tumeyavika K: soko, kadhi, wakfu, fakiri, talaka, kibla, nikabu. Na qat ndiyo hiyo miraa, ambayo wengine huiita mirungi.

Kijana aliyajua kwa alama zake, si kwa maana. Kamusi nayo humpa kipande tu. Faqir, kwa Kiingereza, ni mtawa aombaye, hasa wa Bara Hindi. Kwetu ni mhitaji, wa kwanza kutajwa katika makundi manane yanayostahiki zaka, na wingi wake, fuqara, ndio uliotupa neno fukara. Anayemdhania faqir kuwa mtu wa maajabu wa nchi ya mbali hatamtambua jirani yake aliyelala na njaa. Qibla ni upande wa Makka. Na kwa kuwa Mombasa na Makka zimekaribia kuwa juu ya mstari mmoja wa longitudo, wazee wetu waliita kaskazini kibla. Qadi ni hakimu, na hapa Kenya mahakama yake imetajwa katika kifungu cha 170 cha Katiba ya 2010, nayo huamua mambo ya hali ya mtu, ndoa, talaka na mirathi baina ya Waislamu waliokubali kuhukumiwa nayo. Waqf ni mali iliyofungwa: haiuzwi, hairithiwi, na manufaa yake huendelea. Mtoto aliyejifunza neno hili kwa alama tu, ndiye kesho atakayeuliza kwa nini kiwanja cha msikiti kisitiwe mnadani.

Likizo iliyopita binti mmoja wa nyumba yetu aliweka talaq ubaoni. Neno hilo lina alama 14 kabla ya nyongeza yoyote, naye akapiga makofi kwa furaha. Shangazi yake, ambaye hakuwa na muda tangu amalize eda, alikuwa ameketi hapo hapo akichambua mchicha. Hakusema kitu. Alichukua ungo wake akaingia ndani. Bibi yao akamwita mtoto, akamwambia kwa upole: "Mjukuu wangu, neno hilo halina mchezo. Mume akilitamka kwa mzaha, wanazuoni wengi wasema limepita." Mtoto akauliza, "Kwani shangazi aliambiwa hivyo?" Bibi akaitikia kwa kichwa. Binti akaacha vibao vyake, akaenda kukaa na shangazi yake mpaka magharibi.

Mtoto yule hakuwa na lawama, hakuna aliyemfunza. Wala hatusemi watoto wanyimwe mchezo usio na kamari na usiowapitisha wakati wa sala. Kiingereza ndicho cha mitihani yao. Tuliloweka sisi nyumbani ni sharti moja: anayeliweka neno ataje maana yake, na asipoijua amuulize mkubwa aliyepo kabla alama hazijaandikwa.

Tangu hapo mchezo wenda polepole. Vijana hulalamika kidogo, kisha huinuka wakauliza. Juzi mmoja alimwendea babu yake kwa ajili ya waqf, na babu akamtoa nje akamwonyesha kisima kilicho nyuma ya msikiti, akamweleza nani alikitoa, na kwa nini watu wakanywa maji yake miaka yote hii bila kuulizwa senti. Waliporudi, alama zilikuwa zimesahaulika, na wenzake walitaka kisa kianze upya.

Nanyi wazazi, mkiwa na mchezo huo nyumbani, lijaribuni sharti hili wiki hii. Anzeni na faqir, kisha mtazame mlango wa jirani.