Mwizi Hakutaki Wewe, Anataka Watu Wako

Kila nikiongea kuhusu kulinda akaunti, lazima msee mmoja aniambie: "Buda, M-Pesa yangu iko na shilingi 40, wataniibia nini?" Naelewa. Ukiwa na miaka 21, unakaa chumba kimoja na bando inaisha kabla ya saa sita, unajiona huna kitu cha kuibiwa.

Lakini hesabu hiyo imeanzia mahali pabaya. Mwizi wa mtandaoni hana haja na hizo 40 zako. Anataka wale wanaokuamini. Ndani ya simu yako kuna mathe, kuna shosho, kuna anko ambaye hajawahi kukunyima nauli, kuna grupu ya kanisa na grupu ya harambee. Mwizi akiwapigia kwa namba ngeni, wote watakata simu. Akiwaandikia kwa jina lako na picha yako, watatuma.

Hii kitu nimeiona kwa karibu. Beshte yangu mmoja hutengeneza video za mapishi. Siku moja akapata meseji ya WhatsApp kutoka kwa binamu yake: "Kuna namba sita zimekuja kwa simu yako kimakosa, hebu nitumie haraka." Ni binamu, si mgeni. Akatuma. Kumbe binamu mwenyewe alikuwa ameibiwa akaunti asubuhi hiyo. Zile namba sita ndizo WhatsApp hutuma kwa SMS mtu akijaribu kufungua akaunti yako kwa simu nyingine. Dakika chache baadaye, beshte yangu alikuwa nje.

Wakati huo shosho yao alikuwa amelazwa, na familia ilikuwa inachanga bili kwa grupu. Aliyekuwa anapokea michango ni huyo beshte yangu. Mwizi akaona watu wanauliza watume wapi, akaandika tu: "M-Pesa yangu imejaa, tumeni kwa hii nyingine." Shilingi 23,400 zilikuwa zimeenda kabla shangazi mmoja apige simu ya kawaida na kuuliza, mbona jina linalotokea ni la mtu hatumjui?

Beshte yangu mwenyewe hakupoteza hata shilingi. Lakini bili ya hospitali ilibaki pale pale, na hadi leo kuna mjomba anayemsalimia kwa mbali, kama anashuku huo mchezo ulipangwa. Pesa mnaweza kuchanga tena. Huyo mjomba utamrudisha aje?

Stori hiyo ilinikaa kwa sababu jina ndiyo kazi yangu. Niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilipokataa kabisa. Sina cheti cha kuonyesha mtu. Nilicho nacho ni watu wanaojua kwamba nikisema kitu ni kizuri, nimekijaribu. Mtu akiingia kwa akaunti yangu leo na kuweka tangazo la "wekeza 1,000 upate 10,000", kuna kijana amemaliza kidato cha nne juzi ambaye atatuma, juu ni mimi nimesema. Sasa hapo aliyeibiwa ni nani?

Kwa hivyo nilikaa jioni moja nikafunga milango yangu yote. Haikuchukua hata saa moja.

Nilianza na WhatsApp. Ingia kwa mipangilio, upande wa akaunti, uweke pini ya uthibitisho wa hatua mbili. Watu wengi huruka hapa. Kama hujaiweka, mwizi akiingia ataiweka yeye, na unaweza kungoja siku 7 ndiyo urudi kwa akaunti yako mwenyewe. Pia angalia vifaa vilivyounganishwa. Ile kompyuta ya saiba uliyosahau kutoka inaweza kuwa bado inasoma meseji zako.

Halafu laini. Hapa Kenya namba ya simu ndiyo ufunguo wa kila kitu: pesa, barua pepe, mitandao yote. Mtu akifaulu kuhamishia namba yako kwa kadi nyingine, SMS zako zote zinaenda kwake. Ukiona netiweki imepotea ghafla na wenzako hapo wako nayo, usingoje kesho. Kama uko Safaricom, piga *100*100# ili laini yako isibadilishwe na wakala yeyote tu. Kisha piga *106# uone ni laini gani zimesajiliwa kwa kitambulisho chako. Na kumbuka kastama kea yao hukupigia kwa 0722 000 000 pekee. Huyo mwingine anayekupigia kwa namba ya kawaida akiuliza pini, mwache aongee peke yake. SMS ya utapeli itume kwa 333, ni bure.

Barua pepe ipe nywila yake, ndefu, ambayo hutumii mahali pengine, kwa sababu ukiipoteza hiyo umepoteza zote zilizofunguliwa nayo. Na aki, pini ya M-Pesa isiwe mwaka wako wa kuzaliwa. Mwaka huo uko kwa kitambulisho chako, na kitambulisho unaacha kwa kila geti la jengo mjini.

Mwisho, angalia ruhusa unazopeana. Kuna programu za mikopo ambazo zilikuwa zinasoma majina yote kwa simu yako, ukichelewa kulipa wanampigia bosi wako na mamako. Mwaka wa 2023, Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data ilipiga kampuni moja ya mikopo faini ya shilingi 2,975,000 kwa kuwasumbua watu kwa namba ilizopata kutoka kwa wengine. Sheria iko tangu 2019, na kulalamika unaweza. Lakini faini huja ukiwa umeshaaibika. Programu ya tochi ikitaka kusoma namba zako, katalia hapo hapo. Hizo namba si zako pekee, wenyewe walikuamini nazo tu.

Leo kabla ulale, weka hiyo pini ya WhatsApp na upige *106#. Halafu mpigie mtu mmoja mkubwa kwenu, yule ambaye akiona jina lako hutuma bila kuuliza. Mwambie: "Ukiona meseji yangu ya kuomba pesa, nipigie kwanza usikie sauti yangu, na uniulize kitu tunakijua sisi wawili tu." Huyo ndiye wanamtafuta.