Diski ya Jumatano ilikuwa wapi?

Juzi nimesikia msee akisema bekapu za kubeba kwa mkono ni mambo ya wazee, eti siku hizi kila kitu kiko mtandaoni. Nilitaka kumcheka, nikakumbuka kwamba mimi pia nilikuwa hivyo hivyo.

Kabla nianze kutengeneza video, nilifanya kazi kwa ofisi ndogo ya uhasibu huku Thika. Watu saba, kompyuta saba, na chini ya meza ya mapokezi kisanduku cheusi kilichoweka kazi ya ofisi nzima. Wanaojua hukiita NAS. Ndani kilikuwa na diski mbili zinazoandika kitu kimoja, moja ikifa nyingine inaendelea. Mbele kilikuwa na nafasi ya diski ya tatu, ile ya kuchomoa. Bosi alinunua tano za hizo, akaziandika kwa kalamu: Jumatatu mpaka Ijumaa.

Kuzibadilisha ilikuwa kazi yangu. Kila jioni kisanduku kinanakili kazi ya siku, asubuhi nachomoa diski ya jana na kuweka ya leo. Ile ya jana anaenda nayo nyumbani mama wa mapokezi, imefungwa leso ndani ya mkoba. Dakika mbili tu, lakini niliona ni ujinga.

"Mzee, si tuweke tu mtandaoni?" nilimuuliza bosi.

"Piga hesabu kwanza," akanijibu.

Sikupiga. Ningepiga ningeona kwamba terabaiti 1, kwa kasi ya megabiti 10 kwa sekunde, inachukua zaidi ya siku 9 mfululizo kupanda. Na ukipoteza kila kitu, hata kuirudisha kunaweza kuchukua siku.

Sasa, wiki moja nilikuwa nimechizi na video zangu. Jumanne nilibadilisha diski. Jumatano nilichelewa, nikasema kesho. Alhamisi nikasema baadaye.

Alhamisi hiyo, saa nne asubuhi, mwenzetu alifungua barua pepe iliyoonekana kama ankara. Kufikia saa sita hakuna faili iliyofunguka. Kila folda ilikuwa na ujumbe wa kudai pesa. Zile diski mbili za ndani? Zilikuwa zimeandika uharibifu ule ule, zote mbili, kwa uaminifu kabisa. Na diski ya Jumanne, ambayo ilikuwa bado imechomekwa na inaonekana kwenye mtandao wa ofisi kama folda nyingine yoyote, nayo ilikuwa imefungwa.

Bosi hakupiga kelele. Aliuliza tu, "Diski ya Jumatano iko wapi?"

Ilikuwa juu ya meza yangu. Mama alikuwa ameileta asubuhi ya jana yake kama kawaida, na bado ilikuwa kwa leso, ndani ina kazi ya wiki iliyopita. Ya Alhamisi ilikuwa kando yake. Aki sikuwa na jibu.

Kilichotuokoa ni diski ya Jumatatu, iliyokuwa nyumbani kwa Mama. Ilirudi na matatu, tukasafisha kompyuta zote, tukarudisha kazi mpaka Jumatatu jioni. Lakini mishahara ya wateja iliyoingizwa Jumanne na Jumatano ilikuwa imeenda, na ilikuwa tarehe 7. PAYE inatakiwa kufikia tarehe 9. Tulikaa usiku mbili tukiandika upya kutoka kwa karatasi. Mama, ambaye hakukosea popote, alikaa na sisi akitusomea nambari.

Hapo ndipo nilielewa. Diski mbili ndani ya kisanduku kimoja zinakukinga diski ikifa. Mwizi, moto, virusi, au kidole chako kikifuta folda, hazisaidii. Bekapu ni ile iliyochomolewa na kuondoka.

Kama una ofisi, hata ya watu wawili, weka diski za kubadilishana. Zifunge kwa nywila, kwa sababu zinapanda matatu na data ya watu, na kuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Mara moja kwa mwezi rudisha faili kadhaa uone kama zinafunguka. Na kazi ya kubadilisha umpe mtu asiyeidharau.

Sasa niambie: bekapu yako ya mwisho ni ya lini? Na sahi iko wapi?