Utabiri wa Darasa la Sita

Vijana wapendwa, sisi tuliomaliza masomo ya ualimu hapa Kasongo kabla ya vita vya 1996 tulitabiriana mengi. Tulipongoja matokeo ya Mtihani wa Serikali, ambayo waliofaulu humwagiwa poda nyeupe kichwani, tulitangaza kwamba msemaji wetu hodari atakuwa waziri, naye atapita kijijini bila kupunguza mwendo. Msinziaji wetu tulimtabiria kufundisha akiwa usingizini, wanafunzi wakimwamsha kwa kengele.

Waziri yule alikwenda kuchimba dhahabu Salamabila, katika Kabambare, na jasho lake limewasomesha wadogo zake wote. Msinziaji ni mkuu wa shule. Halali kutwa, na usiku husahihisha madaftari. Lakini yule tuliyemtabiria uzee wenye wajukuu ishirini, vita vilimchukua kabla hajaoa.

Basi tanianeni, lakini kwa mapendo, wala msimwache mtu nje ya utani wenu. Tunapokutana sisi tuliobaki, utabiri ule ndio daftari letu la mahudhurio: tunaita kila jina, hata la asiyeweza tena kuitika.