Kufuli Lisilokumbuka

Mjomba wangu, kojja kama tunavyomwita nyumbani, alikuwa na funguo 31 kwenye pete moja ya chuma. Zilining'inia kwenye msumari nyuma ya mlango wetu pale Nansana, na sisi watoto tulikatazwa kuzigusa. Zilikuwa za malango ya vituo vya kupozea umeme, mahali ambapo volti 33,000 hushushwa hadi 11,000. Vingi viko mbali na nyumba za watu, kuna uzio, bango la fuvu la kichwa, na kufuli.

Kufuli tu. Wenzake wanne walikuwa na nakala za funguo zilezile, na fundi yeyote wa kando ya barabara angeweza kuchonga nyingine upesi.

Nilipokuwa kidato cha tatu, mtu aliingia katika kituo kimoja usiku akakata nyaya za shaba. Kufuli halikuvunjwa. Basi wakaitwa wenye funguo. Daftari la kuingia lilikuwa limelowa mvua, halisomeki. Kampuni ya ukandarasi iliyomwajiri mjomba ilimsimamisha kazi miezi minne bila mshahara, kisha ikamrudisha kama mtu aliyetoka likizo. Hakuna aliyesema pole. Yeye ndiye aliyenilipia ada, kwa hiyo nilikaa nyumbani muhula mzima.

Lakini yeye alizungumza zaidi juu ya zile nyaya. Kazi yake ilikuwa kupeleka ardhini umeme unaovuja. Zikikatwa, kabati la chuma, hata uzio, unaweza kushika umeme, na fundi anayekuja asubuhi kwa pikipiki hana habari. Anagusa tu.

Mwaka huu mwalimu wetu wa Kiswahili alitutaka tueleze kifaa cha nyumbani. Nilichagua kufuli, kwa uvivu kidogo, maana Kiganda husema kkufulu na sikuhitaji kamusi. Nilipotafuta habari nikakuta kufuli za kielektroniki zilizotengenezwa kwa ajili ya mahali kama hapo. Nyingine hazihitaji umeme wowote langoni, kwa kuwa betri imo ndani ya ufunguo. Ufunguo huwekewa ruhusa: lango hili, siku hizi, saa hizi. Ukipotea, ruhusa yake hufutwa au huachwa iishe. Na kila unapofungua, au unapojaribu ukakataliwa, saa huandikwa.

Jumapili nilimweleza mjomba. Amestaafu sasa, anafuga kuku. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo usiku ule jina langu lisingekuwemo," alisema.

"Lisingekuwemo, kojja."

Akanyamaza, akawatupia kuku mahindi. Kisha akauliza, "Na kama ningemwazima mwenzangu ufunguo?"

Nilikiri kwamba lingeandikwa jina lake yeye. Kifaa kinaujua ufunguo, hakiujui mkono. Akacheka, maana waliazimana kila wiki. Ukiwa Mityana na mwenzako yuko Kawanda, na transfoma imezimika, utafanyaje?

"Na betri ikiisha usiku, mvua inanyesha, mtu amenaswa na umeme ndani?"

Nilisema lazima watu wabebe betri ya akiba, na aliye ndani aweze kutoka bila ufunguo.

"Wewe ungebeba," alisema. "Mimi ningebeba mkasi wa kukatia chuma."