Mchumia baridini hulia kivulini

Mpenzi msomaji, ukimtajia mtu wa Mombasa jina kware, huenda mawazo yake yakaruka hadi kwa ndege. Hata hapa Nairobi, kati ya mwaka wa 2013 na 2014, watu walikimbilia ufugaji wa kware wakiamini mayai yake yangewatajirisha, na wengi wakaishia kuyala wenyewe. Lakini Kware ninakoishi mimi, huku Embakasi, haina habari na ndege. Jina letu lilitokana na machimbo ya mawe. Mawe yalichimbwa, yakachongwa, yakapakiwa kwenye malori na kwenda kujenga nyumba za watu. Nyumba zikawa zao, mashimo yakabaki kwetu.

Nakueleza hayo mapema ili uelewe ni kwa nini mama wa watoto watatu, anayekaa chumba kimoja katika ghorofa ya tano, na ambaye dirisha lake limekaribiana na la jirani kiasi cha kupokezana chumvi, anaweza kushikwa na hamu ya mti. Si mti wa kuni wala wa mbao, bali mti wa kukaa chini yake. Mitaani kwetu mtoto anaweza kuufahamu mti kwa picha iliyo katika kitabu cha darasa la kwanza kabla hajawahi kuugusa.

Mwishoni mwa Aprili 2024, kama utakavyokumbuka, mvua ilinyesha bila huruma. Mto Ngong, ambao siku nyingine ni kijito cheusi cha maji taka, ulivunja kingo usiku na kuingia katika nyumba za mabati watu wakiwa wamelala. Nchini kote zaidi ya watu 200 walipoteza maisha katika mafuriko ya msimu huo. Kisha serikali ikaamuru kila aliyejenga karibu na mito ahame, na matingatinga yakaja Mukuru kumaliza kile ambacho maji yalikuwa yamesaza. Palipokuwa na majirani pakabaki kipande cha ardhi tupu, chenye matope, misumari na viatu visivyo na wenzake.

Ijumaa tarehe 10 Mei 2024 ilitangazwa kuwa siku ya mapumziko ili taifa liwaomboleze waliokufa na kupanda miti. Sisi watu wa ploti yetu na ploti mbili za jirani tuliteremka na majembe. Tulikuwa tumekwisha kumwona chifu, naye akatupa jibu fupi: pandeni, ila msijenge. Tulichanga pesa na kununua miche katika vitalu vya kando ya barabara: mikuyu, mizambarau, mukima na mianzi. Mikaratusi tuliikataa, kwa maana inafyonza maji kama mlevi wa mwisho wa mwezi. Siku hiyo tulipanda miche 64. Tuliimba, tukapigwa picha, tukanywa soda. Ungetuona ungedhani msitu tumekwisha kuupata.

Kumbe kazi ilikuwa haijaanza.

Msomaji usiyeijua Nairobi, usidanganywe na habari za jua la Afrika. Jiji hili liko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, na kuanzia Juni hadi Agosti baridi hukaa nasi kama mgeni asiyeaga. Mawingu hutanda tangu alfajiri na jua huchungulia kidogo tu na kujirudia. Jambo linalowaponza wapandaji ni kwamba baridi hiyo ni kavu. Ukitazama juu unaona mawingu mazito, unajiambia leo itanyesha, kisha jioni inaingia bila tone. Julai na Agosti ni miongoni mwa miezi yenye mvua chache kabisa mwakani. Mche uliopandwa Mei, ukiachiwa mawingu, hufa ukiwa unatazama juu kama wewe.

Basi ikawa lazima tunyweshe. Maji kwetu hununuliwa kwa mtungi, na hakuna mama atakayemwagia mti maji ya kupikia ugali. Tulikubaliana kila nyumba itoe maji ya kusuuzia nguo siku ya Jumamosi. Si yale ya kwanza yenye sabuni nzito na dawa ya madoa, bali ya mwisho. Watoto waliyabeba kwenye ndoo za rangi. Kutoka kwa wachoma mahindi tuliokota maganda na kuyatandaza kuzunguka kila shina ili unyevu usikimbie. Kila mche tuliuzungushia fito na gunia kuzuia mbuzi.

Mei tulikuwa watu wapatao hamsini. Kufikia wiki ya pili ya Juni tulikuwa saba. Nani anataka kuacha blanketi lake aende kando ya mto kushika ndoo ya maji baridi? Mume wangu alinicheka, akaniuliza kama miti hiyo itatulipia kodi ya nyumba.

Katika siku hizo nilikuwa nikiwaza sana habari za Kamukunji. Huenda hujui kwamba kazi ya Wangari Maathai haikuanzia mlimani wala mashambani, bali papa hapa Eastlands. Tarehe 5 Juni 1977 yeye na wenzake waliandamana hadi uwanja wa Kamukunji wakapanda miti saba kwa heshima ya mashujaa saba wa Kenya. Huo ndio uliokuwa mwanzo wa Vuguvugu la Ukanda wa Kijani. Lakini katika kitabu chake, Unbowed, kilichotoka mwaka wa 2006, mama huyo alikiri kwamba kati ya miti hiyo saba ni miwili tu iliyosalia. Sherehe ilikuwa na watu wengi. Miti ilipokuwa na kiu, watu walikuwa wamekwenda zao. Nilijiambia, ikiwa hata mikono iliyokuja kupata tuzo ya Nobel ya mwaka wa 2004 ilipoteza mitano kati ya saba, sisi wa Kware ni akina nani?

Asubuhi moja mwanzoni mwa Julai nilikuta fito za miche tisa zimeng'olewa na mbuzi wamekwisha kufika. Nilipandwa na hasira, nikafuata nyayo katika tope hadi kwenye kibanda cha mabati. Nilimkuta shosho mmoja, kama tuwaitavyo kina nyanya huku mtaani, amechuchumaa mbele ya moto mdogo, mjukuu wake amejifunika leso akikohoa. Fito zetu ndizo zilizokuwa zikiwaka.

"Shosho, shikamoo. Hizi fito ni za miti yetu," nilimwambia.

"Marahaba, mwanangu," akajibu bila kuinua uso. "Mti wako nitauona baada ya miaka kumi, Mungu akipenda. Baridi yangu ni ya usiku wa leo."

Msomaji, ungelijibu nini? Mimi sikuwa na jibu. Niliketi juu ya mtungi uliopinduliwa, nikaota moto wa fito zangu mwenyewe. Ndipo aliponieleza kwamba makaa anaweza kuyapata, lakini anaogopa kulala na jiko ndani. Naye alikuwa na haki ya kuogopa. Hewa ya sumu itokayo katika makaa, kaboni monoksaidi, haina rangi wala harufu, na kila msimu wa baridi huwaua watu waliofunga mlango na dirisha ili joto lisitoke. Wengi hulala wasiamke.

Nilirudi na kuwasimulia wale sita. Wengine walitaka shosho ashtakiwe kwa mzee wa kijiji. Lakini fundi wetu wa viatu, mtu wa maneno machache, alisema kitu kilichotunyamazisha: "Tumewapandia watu miti ya kesho. Leo tumewapa nini?"

Hapo ndipo shamba letu la miti lilipogeuka kuwa baraza. Mawe ya kuchonga yaliyobaki katika nyumba zilizobomolewa tuliyapanga duara katikati ya miche, yakawa viti. Nilifurahi moyoni nikifikiri kwamba, baada ya miaka yote hiyo, hatimaye mawe yamekuja kukaliwa na watu wa Kware wenyewe. Katikati tuliweka pipa lililotobolewa matundu, tukawa tunawasha vibonge vya vumbi la makaa lililokandwa na udongo. Vumbi hilo wauza makaa hulitupa, kwa hivyo halikutugharimu kitu. Shosho akapewa kazi ya kulinda moto na miche. Fito hazikung'olewa tena, kwa sababu aliyekuwa akizing'oa ndiye aliyekuwa mlinzi.

Halafu ikaja tarehe 12 Julai 2024.

Sitaki kuyarudia yote, maana gazeti hili husomwa na watoto. Uliyasikia. Katika shimo la machimbo ya zamani, lililojaa maji na taka, mwendo wa miguu tu kutoka kwetu, miili ya wanawake ilianza kutolewa ikiwa imefungwa ndani ya magunia. Jina la mtaa wetu likatangazwa duniani kote. Ndugu zangu wa mashambani walinipigia simu wakiniuliza kama binti zangu wako salama.

Kifungua mimba wangu alikuwa akifanya kazi dukani na kurudi saa tatu za usiku. Kabla ya siku hiyo nilikuwa nikimngojea kwa wasiwasi wa kawaida wa mzazi. Baada yake nilikuwa nikisimama dirishani nikihesabu kila hatua kwenye ngazi. Hofu ilitufungia ndani sote. Milango ilifungwa saa kumi na mbili, na jioni ya kwanza nani angethubutu kwenda kukaa kando ya mto gizani?

Shosho alithubutu. Kutoka ghorofani niliona pipa likiwaka, na yeye peke yake ameketi hapo na leso yake. Nilishuka kumwambia arudi nyumbani. Akanitazama na kuniuliza, "Nikirudi mimi, msichana akipita hapa atamwona nani?"

Nilibaki pale. Fundi wa viatu akaja, kisha mama mboga, kisha vijana wawili wa mkokoteni. Mwisho wa wiki hiyo tulikuwa zaidi ya ishirini, wengi kuliko siku yoyote tangu Mei. Wasichana waliokuwa wakitoka kazini wakajua kwamba ukifika penye moto, unangoja wenzako, mnasindikizwa kwa kikundi hadi mlangoni. Binti yangu alinikuta hapo kila usiku nikinywa uji. Na kwa kuwa watu walikuwepo, miche ilinyweshwa bila mtu kuitiwa zamu.

Ndipo nilipoelewa habari za Karura, msitu mkubwa wa kaskazini mwa jiji. Tarehe 8 Januari 1999 Wangari Maathai alipigwa na kujeruhiwa kichwani na genge la watu, alipokwenda kupanda mti huko kupinga msitu ule kugawiwa wajenzi. Ardhi iliokolewa, lakini kwa miaka mingi baadaye sisi watu wa kawaida tuliuogopa. Ulisifika kwa majambazi na maiti zilizotupwa. Leo kina mama hutembea humo peke yao na watoto. Ni nini kilichobadilika? Miti ni ile ile. Mambo yaligeuka pale jamii zilizouzunguka zilipoungana na Huduma ya Misitu ya Kenya, wakawekwa walinzi na ukuta wa waya, kisha mwaka wa 2011 milango ikafunguliwa kwa umma. Mti peke yake haulindi mtu. Watu walioketi chini ya mti ndio wanaolindana, na huulinda mti pia.

Mwisho wa Agosti tulihesabu. Miche 64 tuliyoipanda ilikuwa imebaki 41. Ishirini na mitatu ilikuwa imekwenda: mingine kwa mbuzi, mingine kwa ukavu, na mingine, ndiyo, kwa jiko la shosho. Lakini mkuyu ulio karibu na pipa, ambao nilikuwa nimekwisha kuuandika katika orodha ya wafu, ulikuwa umetoa jani moja jipya, jekundu kwa uchanga. Mume wangu alikuja kulitazama. Hakusema neno. Jumamosi iliyofuata nilimkuta amebeba ndoo.

Sitakudanganya kwamba mambo yameisha. Hatuna hati ya kipande kile. Anaweza kuja mtu na karatasi, au mto ukadai tena njia yake, na tutakuwa hatuna la kujibu isipokuwa kuonyesha viti vyetu. Na lile shimo la machimbo halitatoka katika kumbukumbu zetu kwa sababu ya mikuyu michache.

Hata hivyo, mpenzi msomaji, huenda mtaani kwako kuna uwanja, ukingo wa mto au kona iliyosahauliwa, na unangoja mvua ndipo uanze. Pandeni mvua ikija, ni vyema. Lakini mvua ikishapita na picha zikishapigwa, rudini Juni wakati kila mtu amejifunika. Chukueni jiko, uji na viti. Muulizeni anayeng'oa fito anahisi baridi kiasi gani.

Wahenga walisema mchumia juani hulia kivulini. Nao walisema kweli, ila nadhani hawakuwahi kukaa Kware mwezi wa Julai. Sisi tulichumia baridini. Kivuli bado ni kidogo, hakimtoshi hata mtoto mmoja kulala usingizi wa mchana. Lakini saa tatu za usiku binti yangu akiteremka kwenye matatu, huona moto kabla hajaliona giza.