Upara wa Golini

Anayetaka kujua kama mwaka wa shule umekwenda vizuri hapa Mangina, mashariki ya Kongo, asianzie ofisini kwa direkta. Aende kiwanjani, asimame mbele ya goli, atazame chini. Akikuta upara, udongo mwekundu uliopigwa na visigino mpaka ukawa mgumu, ajue watoto walikuwepo. Akikuta majani ya kijani yaliyojaa vizuri, kuna kitu kiliwafukuza. Nimezeekea kazi ya kukata majani ya shule katika zoni hii ya afya ya Mabalako, na mpaka leo sijaona kipimo kinachoshinda hicho.

Wazazi wangu walitoka Butembo, kule juu kwenye baridi, wakateremkia huku kutafuta shamba. Mangina iko kwenye barabara ya Beni kwenda Mambasa, kama kilomita 30 kutoka Beni, na ardhi yake haina ubahili: mpunga, mihogo, michikichi, kahawa. Kahawa ilipoliwa na ugonjwa wa kunyauka, watu waligeukia kakao. Lakini ardhi inayolea kakao hivyo inalea na mengine. Tuko karibu na Ikweta, mvua haituachi kwa muda mrefu. Majani ukiyakata leo, baada ya wiki mbili yanafunika kifundo cha mguu, na ukiyasahau kidogo tu yanatafuta goti.

Zamani shule ilitegemea wanafunzi wenyewe. Siku ya kazi za mikono kila mtoto alikuja na panga au kupekupe, chuma cha kufyekea, kutoka kwao, na aliyechelewa asubuhi alipewa kipande chake cha kukata kama adhabu. Watoto wengi wenye vyuma vikali mahali pamoja ni hatari. Wazazi walilalamika, kamati ikatafuta mtu mzima. Mimi wakati huo nilikuwa nabeba mizigo sokoni. Mzee aliyekuwa santineli, mlinzi wa shule, alinishika mkono mpaka kwa direkta akasema, "Huyu ana mgongo." Hiyo ndiyo ilikuwa barua yangu ya kuomba kazi.

Mgongo, kumbe, unakuja baadaye. Mzee alinifundisha kwanza kutembea kiwanja kizima mikono mitupu, nikiokota mawe, chupa na vipande vya waya, kwa sababu jiwe likipigwa na kupekupe linaruka, na jicho la mtoto aliyesimama mbali halina kinga. Alinifundisha kuanza alfajiri majani yakiwa na umande, kwa maana jani lililolowa linakatika, na la mchana linalala tu chini ya chuma. Kupekupe hupigwa kwa kiuno, mkono unafuata. Kila baada ya mistari michache unasimama, unapitisha tupa, unatazama ulikotoka. Anayeona aibu kusimama ndiye anayelala na maumivu.

Kuchora kiwanja kulinipendeza kuliko kukata. Wengi huchora kwa macho, kona moja inapinda, na timu iliyoshindwa inapata la kusema. Sisi tulitumia kamba: unapima mita 3 upande huu wa kona na mita 4 upande ule, na zile ncha mbili zikiachana mita 5 kamili, kona imenyooka, hakuna wa kubisha. Siku moja mwalimu wa hesabu alituona, akatoa darasa lake lote nje, nami nikashika kamba mbele ya watoto nikijiona profesa. Goli la kanuni lina upana wa mita 7.32 na kimo cha mita 2.44, na penalti hupigwa mita 11 kutoka mstarini, hayo tuliyafuata. Urefu wa kiwanja tuliiachia ardhi iamue, maana huku kuna korongo na kule kuna ukuta wa kanisa. Mistari tuliipiga kwa majivu ya jikoni. Chokaa inang'aa zaidi, lakini isipozimwa vizuri inaunguza ngozi, na mtoto wa kwetu anacheza pekupeku na kuanguka sana.

Nguzo za goli ni mikaratusi, na adui yake ni mchwa. Ule mwisho unaofukiwa tuliubabua motoni mpaka ukawa mweusi, kisha tukaupaka oili chafu niliyoomba kwa mafundi wa pikipiki. Nguzo isiyofanyiwa hivyo inasimama vizuri machoni, hadi siku mtoto anapoining'inia.

Kiwanja chetu kinainama kidogo, na mvua za Septemba hadi Novemba hazina subira. Maji yalikuwa yanachimba mifereji katikati, mipira inapotelea humo na vifundo vya miguu vinateguka. Mwanzo wa mvua nilipanda majani ya paspalamu kwa vipande, kila kipande na vifundo vyake viwili vitatu ndani ya udongo. Upande wa juu nikachimba mtaro, nikaupandia mabingobingo ukingoni. Mizizi ikashika. Wenye mbuzi nao wakayaona mabingobingo, na hapo nikajua kwamba nusu ya kazi yangu itakuwa kuongea na watu.

Mahali palipo wazi kila mtu anapaona ni pake. Waumini wanataka mahali pa mkutano wa injili, wenye harusi wanataka pa hema, wanasiasa wanataka pa kusimamisha spika zao. Ngumu kuliko yote ilikuwa kakao. Mbegu zikishavundikwa zinahitaji jua la siku kadhaa, na hakuna tambarare kama kiwanja. Asubuhi moja nilikuta shitingi za plastiki zimetandikwa toka goli hili mpaka lile, harufu ya siki imejaa hewani, na mama mmoja anageuza mbegu kwa reki ya mti.

"Mama," nikamwambia, "saa nne watoto wanatoka kucheza."

Hakuinua kichwa. "Papa, hao watoto unaowasema, minervali yao inatoka ndani ya kakao hii."

Nilikosa jibu, kwa sababu alisema kweli: ada ya shule ilitoka humo. Tulipatana: akina mama wachukue ukanda wote ulio nyuma ya goli la chini, watoto wabaki na kiwanja, na kila mwenye shitingi alete majivu ya jikoni kwake kwa ajili ya mistari. Mapatano hayo hayakuandikwa popote, na yamedumu kuliko karatasi nyingi zilizopigwa mihuri.

Tarehe 1 Agosti 2018 serikali ilitangaza Ebola, na jina la Mangina likatajwa duniani kote. Tarehe 8 mwezi huohuo chanjo ikaanza hapahapa kwetu. Ilikuwa likizo ndefu, watoto hawapo, nami nilikata majani nikisikia magari ya wageni yakipita barabarani toka asubuhi. Watu walikuwa na hofu mbili: moja ya ugonjwa, nyingine ya wale waliokuja kuupiga vita. Kuna waliosema ni biashara tu. Mimi nilikuwa nawajua baadhi ya waliozikwa, kwa hiyo sikubishana na mtu.

Shule zilipofunguliwa Septemba, mlangoni kulikuwa na kipima joto na mapipa ya maji ya klori. Maji yale yakimwagika mahali pamoja kutwa nzima yaliunguza majani yakawa ya manjano, halafu yakaacha tope. Nikaona watoto wanaanza kupita pembeni, hawanawi, wanaogopa kuchafua viatu. Nilichimba shimo, nikalijaza mawe makubwa chini na kokoto juu, nikaelekeza maji humo, nikamwaga changarawe mahali pa kusimama. Kesho yake mstari ulinyooka na kila mtoto akanawa. Kazi ya jembe ya asubuhi moja, lakini ndiyo ninayoitaja mtu akiniuliza nilifanya nini wakati wa Ebola.

Kwetu mpira, kwa kuwa ni mchezo wa kugusana, ulisimamishwa kwa muda. Polepole mbele ya magoli pakaota majani laini, mazuri kweli, yale ambayo miaka yote nilikuwa nayatafuta. Nilichukia kuyaona. Mlipuko ulitangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020, baada ya watu 3,470 kuugua na 2,287 kufa katika maeneo yote yaliyofikiwa. Siku hiyo nayo shule zilikuwa zimefungwa, tangu Machi, kwa ajili ya korona. Majani yakapata mwaka mwingine wa kushiba.

Na vita havikungoja magonjwa yaishe. Tangu Oktoba 2014, mauaji ya raia yalipoanza kuandama vijiji vya Beni, watu wanaokimbia hutafuta kwanza shule, kwa kuwa ina bati na ina nafasi. Wamelala madarasani kwetu, wamepikia kiwanjani. Sikuwahi kumfukuza mama mwenye mtoto mgongoni. Niliomba tu mafiga yakae pembezoni. Wakiondoka, mahali pa moto udongo unakuwa mgumu, inabidi kuutifua na kupanda upya.

Kuna wakati na sisi tulikimbia. Niliporudi, majani yalinifika kifuani. Niliyakata kabla sijapanga vitu vyangu nyumbani, kwa sababu mzazi anayeleta mtoto akiona kichaka shuleni anarudi naye. Kichaka kinaweza kuficha mtu. Katika nchi tulivu majani marefu ni uvivu wa mfanyakazi. Hapa mzazi anayasoma kuwa ni onyo, na ana haki.

Mwalimu mmoja kijana alinionyesha kwenye simu yake viwanja vya Wimbledon, ambako majani hukatwa yakabaki na urefu wa milimita 8. Niliuheshimu mkono uliofanya vile. Kisha akataka na sisi tuzungushe waya mbele ya magoli mpaka paote. Nilimwambia kiwanja kile kinatunzwa mwaka mzima kwa ajili ya wiki mbili za mashindano, chetu kinatunzwa ili kichakazwe kila siku saa nne. Pakibonyea tunajaza udongo, tunamwagia maji, tunashindilia, kesho wanacheza.

Kuhusu mshahara nitasema kifupi. Miaka mingi nililipwa kwa michango ya wazazi, mwezi mwingine kwa franga, mwezi mwingine kwa mpunga. Mwaka 2019 shule ya msingi ya serikali ilipofanywa kuwa bure, watoto waliongezeka na nikafurahi, lakini mchango ulionilipa upande wa msingi ukakatika. Karatasi zangu zilipelekwa ili niingie kwenye orodha ya wanaolipwa na serikali. Ofisi iliyozipokea iliniambia ningoje, na bado nangoja. Upande wa sekondari ndio uliobaki kunishika mkono.

Sasa nina kijana ninayemfundisha. Ana kiuno kizuri na hana aibu ya kusimama kunoa. Ananiuliza kama kazi hii inaweza kulea familia, na sitaki kumdanganya. Kamati zinapokaa kupanga mwaka zinaandika chaki, madawati na bati, halafu kiwanja kinaachiwa huruma ya mtu mmoja. Kupekupe mbili, tupa, toroli na mshahara wa mfanyakazi mmoja haviwezi kufilisi shule yoyote ya hapa. Ningependa kuona jina la kijana huyu limeandikwa kwenye mpango huo wa kamati kabla sijamkabidhi tupa yangu.