Tairi Lenye Maziwa

Kilichonikera Bweyeye ni lami. Nilitoka Arusha na baiskeli ya milimani ikiwa ndani ya boksi, nikavuka mpaka wa Rusumo kuingia Rwanda, nikabembeleza makondakta wa kila basi wasiweke magunia juu yake, na yote hayo ni kwa sababu mwenzangu mmoja wa kuendesha aliwahi kunisimulia barabara ya kutoka Pindura kwenda Bweyeye. Tope jekundu, alisema, mawe makubwa, mizizi, kilomita 32 za kuupasua msitu wa Nyungwe hadi karibu na mpaka wa Burundi. Alisema kweli, kwa wakati wake. Mimi nilikuta lami nyeusi yenye mistari iliyonyooka, na mitaro ya mawe pembeni. Bibi yangu angeishuka kwa baiskeli ya kukodi.

Asiyetujua sisi watu wa baiskeli za milimani hawezi kuielewa hasira hiyo. Tunatumia mishahara yetu kununua vitu vya kuilainisha njia mbaya: shokapu za mbele zinazobonyea, tairi pana lenye meno, breki za diski zenye mafuta ndani, kiti kinachoshuka ukibonyeza kitufe. Halafu, njia ikishakuwa laini, tunaikimbia kwenda kutafuta iliyo mbaya zaidi. Mgongoni nilikuwa na mkoba wa maji wenye mrija wa kunyonya, magotini nilikuwa na kinga za plastiki, na mfukoni mwa nyuma nilikuwa na pakiti za ute mtamu nilizonunua Nairobi kwa bei ya kuku. Nilibeba hata kinu kidogo cha kusagia kahawa kwa mkono. Najua Rwanda ni nchi ya kahawa, lakini ukifika vijijini kinachochemka kwenye sufuria ni chai ya maziwa. Kahawa inapanda meli kwenda kwa wengine.

Njia ya Kongo-Nile, kilomita 227 kutoka Rubavu hadi Rusizi, sitaisimulia hapa. Ziwa Kivu lilikuwa mkono wa kulia, vilima vilikuwa kila mahali, tyubu yangu ya akiba iliishia huko, na sambaza wa kukaanga wa Kamembe niliwaona watamu kuliko dagaa wote niliowahi kula. Watu wa Kigoma mtanisamehe. Baada ya Kamembe nikapita mashamba ya chai ya Gisakura, kisha nikaingia msituni, ambako tembo wa mwisho aliuawa mwaka 1999 na ambako sasa unaowaona kandokando ya barabara ni askari waliovaa makoti ya mvua na ngedere wasiowajali. Pindura nikakata kuelekea kusini. Nikashuka. Lami, lami, lami.

Bweyeye yenyewe ni tarafa iliyotengwa na msitu. Ukitazama upande mmoja ni Nyungwe, ukitazama upande wa pili ni vilima vya Burundi, nchi iliyofunga mpaka wake na Rwanda Januari 2024. Watoto walinikimbilia wakipiga kelele "Pogačar! Pogačar!" Tangu mashindano ya dunia ya baiskeli yafanyike Kigali Septemba 2025 na yule Mslovenia akashinda, nadhani kila mwenye helmeti Rwanda nzima anaitwa hivyo. Nilipunga mkono kama bingwa. Kisha nikaona kijia cha miguu kinachepuka kulia kushuka bondeni, chembamba, chenye mawe na utelezi, nikasema hiki ndicho nilichokuja kukitafuta.

Furaha yangu ilidumu muda wa kumenya ndizi. Jiwe lenye makali lilichana ubavu wa tairi la nyuma, mchano wa urefu wa kidole gumba, na kile kimiminika cheupe kilichomo ndani kikaruka kwenye miguu yangu, kwenye ukuta wa nyumba ya mtu, na kwenye shati la mtoto mmoja wa shule. Tairi zangu hazina tyubu. Ndani yake mna utomvu wa mpira uliochanganywa na dawa, unaotakiwa kukimbilia tundu na kuliziba papo hapo. Unafaa kwa mwiba. Kwa mchano wa namna ile unamwagika tu. "Amata! Amata!" watoto wakaimba. Maziwa! Na wakanisindikiza hivyo, wakiimba, huku nikisukuma baiskeli hadi kwa fundi.

Fundi alikuwa mzee mwembamba mwenye kofia ya sufu, amekaa kwenye benchi kando ya barabara, mbele yake toroli lisilo na gurudumu. Nilimpa shikamoo, akanijibu "Muraho" huku akilitazama tairi. Kiswahili alikipatia Bukavu, alikofanya kazi ujanani.

"Igare yako iko na maziwa," alisema, yaani baiskeli yangu.

"Si maziwa, mzee. Ni dawa ya kuziba pancha."

"Na pancha imezibika?"

Sikuwa na jibu.

Akaiinua baiskeli kwa mkono mmoja, akashangaa wepesi wake, akabonyeza shokapu za mbele mara kadhaa, zikashuka na kupanda. Akauliza bei. Sipendi swali hilo, hata Arusha silipendi, lakini kwa mtu mzima huwezi kujifanya hukusikia. Nikamwambia: karibu milioni tatu za faranga za Rwanda. Nilitegemea apige mluzi. Badala yake alitazama juu, akahesabu kwa vidole.

"Hiyo ni ng'ombe ine. Ya kisasa." Akatafsiri kwa waliokuwa wamekusanyika, nao wakanitazama upya. "Kwa hiyo unapanda ng'ombe ine, na maziwa yake umemwaga kule chini."

Kicheko kilichofuata kilifika hadi sokoni.

Nilikuwa na njaa, na nikiwa na njaa huwa sina utani. Nikachana pakiti moja ya ute wangu na kuanza kuunyonya pale pale. Mama mmoja aliyekuwa akinitazama kwa urafiki aligeuza uso. Fundi akainuka, akanishika kiwiko, akaniingiza ndani ya kibanda jirani wanakouza maziwa. "Mutu muzima hakule ku barabara," aliniambia kwa sauti ya chini. "Maliza humu, halafu utoke." Rwanda ndivyo ilivyo, kula ukitembea ni jambo la watoto, na mimi nilikuwa nimekula njiani tangu Rubavu bila mtu kuniambia chochote. Mwenye kibanda akaitazama pakiti yangu, akainusa, akanirudishia, akaniletea bila kuulizwa kikombe kikubwa cha ikivuguto, maziwa ya mgando mazito yaliyopoa vizuri, na chapati. Nilikunywa vikombe viwili. Pakiti zilizobaki sikuzigusa tena safari nzima, na nina maoni makali kuhusu waliotushawishi kwamba miguu haiendi bila hizo.

Nilipotoka nikakuta fundi amekwisha kulivua tairi, amelifuta, na anapasha moto nondo nyembamba kwenye makaa.

"Hiyo ya nini, mzee?"

"Kutanua hii tundu ya rimu. Natia tyubu ya baiskeli ya huku, ile ya ishirini na nane. Inaenea. Lakini valvu yake ni nene, ya kwako ni nyembamba."

Hapo ndipo tuligombana. Kitaalamu alikuwa sahihi kabisa: tyubu ya baiskeli zetu nzito za kubebea mizigo huingia vizuri kwenye gurudumu kubwa la baiskeli ya milimani, na valvu yake ndiyo inayokataa. Lakini kuichoma rimu ya ng'ombe wanne kwa nondo ya moto? Nilimwambia hapana. Akaniambia bila tyubu hakuna safari. Nikamwambia nitatembea. Akanielekeza kwa kidevu mlima wa kurudi Pindura, kisha akakaa, akawasha redio. Tulikaa hivyo kwa muda mrefu, kila mmoja kwenye ncha yake ya benchi, tukisikiliza matangazo ya Kinyarwanda ambayo mimi siyaelewi.

Nilichokipenda kwa mzee yule ni kwamba kununa kwake hakukuwa kwa kudumu. Alilichukua tairi tena, akaupima mchano kwa kucha, akamtuma kijana kwa fundi viatu. Kijana akarudi na sindano iliyopinda na uzi wa nailoni. "Ungesema mapema kama igare yako ni kiatu," akasema, akaanza kulishona.

Alishona mishono ya karibu karibu, ya kupishana, kwanza nje halafu ndani, na alipokuwa akishona ndipo tulipozungumza. Nilimlalamikia kuhusu lami. Nilimwambia nimetoka mbali kutafuta barabara ya zamani. Akaacha kushona.

"Barabara ile mbaya ilikuwa yetu. Ungekuja mapema tungekupa bure."

Akanieleza. Mvua za Aprili zikianza, lori lilikwama msituni, likalala huko, na huku chumvi na sabuni vikapanda bei siku hiyo hiyo. Mgonjwa alibebwa kwa ingobyi, ile machela ya kusuka ambayo wanaume wanne huipandisha mabegani. Ndugu yake mmoja alibebwa hivyo. Hakuniambia mwisho wa habari ile nami sikuuliza. Nilijua ana haki, na ndiyo maana nilizidi kukereka. Ni vigumu kubishana na mtu aliyeshika tairi lako.

Kwa hiyo nikageuza mazungumzo. Nikamwambia kuhusu Tom Ritchey, mmoja wa watu walioanzisha baiskeli za milimani kule California miaka ya 1970, aliyefika Rwanda mwaka 2005, akawaona wakulima wakisukuma magunia ya kahawa, akabuni baiskeli ndefu ya chuma ya kubebea mizigo hiyo. Nikamwambia kuhusu Adrien Niyonshuti, Mnyarwanda aliyeshindana kwenye baiskeli za milimani katika Olimpiki ya London 2012. Hili la pili alilijua. La kwanza lilimgusa kwenye ufundi: urefu wa nyuma ni kiasi gani, gunia linakaa wapi, minyororo ni mingapi? Kisha akaniambia kwamba alipokuwa mtoto alichonga igicugutu, baiskeli ya mbao tupu, magurudumu ya mbao, breki ni kipande cha tairi kuukuu unachokikanyaga. Alishuka nayo na mikungu ya ndizi kwenye kijia kile kile kilichonichania tairi.

"Hukuanguka?"

"Nilianguka. Nilikuwa napenda sana."

Alisema hivyo bila kuinua macho kutoka kwenye sindano, na kwa mara ya kwanza tangu Pindura nikajisikia niko na mwenzangu. Nikamwambia basi kijia kile kiachwe, hata kama barabara kubwa ina lami. Akakataa. Nacho kitiwe lami, alisema, watoto wanachafua viatu wakienda shule. Hapo hatukuafikiana, na hadi leo naona kijia kile kina haki ya kubaki kijia.

Mshono ulipokwisha akabandika kiraka kwa ndani, kwa solusheni, akanitaka dawa yangu. Nilikuwa na chupa moja ndogo. Sasa nikawaza pampu: tairi lisilo na tyubu haliumuki kwa pampu ya kawaida, upepo unatoroka pembeni kabla kingo hazijashika rimu. Nyumbani tuna mtungi wa upepo. Nilianza kumweleza. Hakusikiliza. Alipaka povu la sabuni kwenye kingo, akazungusha kamba ya katani kwenye mgongo wa tairi pande zote, akaifunga, akapachika kijiti na kukizungusha mpaka kamba ikaliminya tairi katikati na mbavu zake zikasukumwa nje, zikaigusa rimu. "Piga," akamwambia kijana wa pampu. Kijana akapiga. Likalia, pa! pa!, kingo zikakaa. Alikuwa akifanya hivyo kwa magurudumu ya toroli miaka yote. Baina ya mishono kukatoka matone meupe, yakafoka kidogo, yakaganda.

"Sasa nimeona maziwa inafanya kazi," akasema.

Aliomba kuijaribu baiskeli. Alipanda na kofia yake ya sufu, akakwea kipande cha mlima, akarudi akisikiliza shokapu. Hukumu yake: gia ni nzuri sana, breki ni nzuri sana, lakini hiyo mbele inayobonyea inakula nguvu za mtu mwenye njaa, na hakuna pa kufungia mzigo. Nikajaribu kumwonyesha kitufe cha kuzifunga shokapu zisibonyee. Akauliza kwa nini basi nilizinunua.

Kwa kazi yote ile alitaja faranga kidogo kiasi kwamba nilidhani amekosea hesabu. Nilipoongeza, alizirudisha, akasema anachokitaka ni ile chupa ya dawa iliyobaki nusu, aijaribu kwenye toroli la jirani. Nikamwachia. Jioni tulikula wote ndani ya mgahawa, mlango umefungwa nusu, sahani za maharage, ndizi za kupika, viazi na isombe, yaani kisamvu chao, na yeye akanywa bia ya Primus isiyopoa, maana ya baridi, alisema, inaharibu tumbo.

Asubuhi nilipanda kilomita 32 za lami hadi Pindura. Ilinichukua muda mrefu, na nakiri lami ni njema mtu akiwa anapanda. Tairi halikupungua upepo hadi Kitabi, wala hadi Huye. Niliporudi Arusha, fundi wangu wa siku zote aliutazama mshono ule akaniambia nilitupe, ni hatari, ninunue jipya. Nimemuuliza kama yeye anajua kushona. Hajui. Nimemwambia basi aliache lilivyo.